Utoto wetu enzi za Nyayo: tuliyofundishwa kusema na tuliyofundishwa kunyamazia

MLETA UZI

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mijadala kuhusu miaka 24 ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, aliyejulikana kwa jina la Nyayo, kuanzia 1978 hadi 2002, huwa karibu yote ni mijadala ya watu wazima kuhusu watu wazima: nani aliwekwa kizuizini, nani alikimbilia ng'ambo, nani aligawiwa shamba. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule hatuulizwi, na tukiulizwa tunaishia kwenye habari ya maziwa ya shule. Naomba kuanzisha uzi huu kwa ajili yetu tuliozaliwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila atakayechangia aandike aliyoyaona kwa macho yake au kuyasikia kwao, na aliyoyasoma baadaye ayatenge ili msomaji ajue.

Hoja yangu naiweka wazi mapema. Ukandamizaji wa wakati ule haukuwafikia watoto wengi kwa rungu wala kwa seli. Ulitufikia kwa kufunzwa ulimi. Kabla hatujajua siasa ni nini, tulikwisha kujua ni maneno gani husemwa mbele za watu na ni yapi huachwa nyumbani, na baadaye tukajifunza kuyaacha hata nyumbani, kwa sababu mtoto ni shahidi asiyejua kwamba ni shahidi, na wazazi wetu walilijua hilo vizuri sana.

Nilikulia Nakuru, mtaa wa Bondeni. Kabarak, nyumbani kwa Rais, si mbali na mji wetu, kwa hiyo tulizoea misafara yake kuliko watoto wa sehemu nyingine nyingi za nchi. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya siasa ni ile Jumapili ya Agosti 1, 1982, nikiwa darasa la pili. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake ilikuwa ya mpira na ya kipindi cha kufundisha watu uungwana, alilazimishwa na askari wa Jeshi la Anga kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Hayo ya kulazimishwa niliyajua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilimwona baba akiizima redio tangazo likiwa halijaisha. Mama alimuuliza sasa ni nani anayetawala, na baba akajibu, "Ngoja kwanza." Tuliambiwa tusitoke, na mtu akibisha hodi tusiseme kwamba tumesikia redio. Kufikia jioni redio ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali, na kesho yake asubuhi majirani wetu wote, hata wale ambao mchana kutwa walikuwa wamejifungia kama sisi, walikuwa wakisema kwa sauti kubwa kwamba wao walijua tangu mwanzo waasi hawatafika mbali.

Nilichokiona mwaka ule ni tokeo la mambo yaliyokwisha kuanza. Mwezi Juni, Bunge lilikuwa limeongeza kifungu cha 2A katika Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee kinachoruhusiwa kisheria. Mwezi huohuo wahadhiri kadhaa wa vyuo vikuu waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akiwemo Alamin Mazrui, mwanaisimu na mshairi wa Mombasa ambaye wengi wetu tulikuja kuzisoma tungo zake. Baada ya jaribio la mapinduzi Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mwanafunzi huko, alirudi kwetu na sanduku lake la mabati, akawa analala sebuleni na kuripoti kwa chifu kama alivyoagizwa. Mimi nilifurahi sana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinifundisha hesabu.

Shuleni, kila gwaride la asubuhi lilikuwa na kiapo cha utii. Tuliahidi utiifu wetu kwa Rais kwanza, kisha kwa taifa la Kenya, na mpangilio huo sikuwahi kuushangaa hadi nilipokuwa mwalimu mwenyewe. Sura yake ilikuwa juu ya ubao, dukani, kwa kinyozi, na kwenye sarafu niliyopewa kununulia kalamu. Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais alisema hadharani kwamba anataka mawaziri na watu wengine wote waimbe kama kasuku ule wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyouimba wa Kenyatta alipokuwa makamu wake. Watu wazima wanaikumbuka hotuba ile kama habari ya mawaziri. Sisi tulikuwa tukiimba kila siku, jua likituwakia kando ya barabara tukingoja msafara, na vibendera vya karatasi mkononi.

Na maziwa yalikuwepo. Yalianza 1979, mililita 200 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, katika pakiti yenye pembe kali ambayo uliing'ata pembe moja na kunyonya. Siku ya maziwa lori lilipoonekana getini darasa zima liliinuka. Walikuwepo wenzetu ambao hawakuyanywa. Waliyatia ndani ya mkoba wakawapelekea wadogo zao nyumbani, na mwalimu wetu alikuwa akiwaona na kutazama pembeni. Naandika hili kwa heshima yote, maana najua kuna watoto ambao pakiti ile ndiyo iliyowaleta shule.

Jambo moja la darasani halijanitoka. Tulikuwa katika somo la Jiografia, Historia na Uraia, mwalimu akieleza kazi za Rais, na mvulana mmoja aliyekuwa mwerevu kuliko sisi sote akauliza kwa unyenyekevu kabisa: Rais akizeeka, ni nani atakayechukua nafasi yake? Mwalimu hakukasirika. Aliweka chaki mezani, akaenda kufunga mlango, akatazama dirishani, kisha akarudi na kutuambia kwa sauti ya chini kwamba swali hilo haliulizwi na kwamba hakuna mtu katika darasa lile aliyelisikia. Tukaendelea na mito ya Kenya. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na nilielewa kutokana na ule mlango kuliko ambavyo ningeelewa kama angetuchapa.

Nitaendelea na mambo ya 1986. Karibuni.

MCHANGIAJI (KISUMU)

Ahsante kwa kuanzisha jambo hili, mwalimu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili Februari 1990, Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alipopotea kutoka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana kilima cha Got Alila ukiwa na jeraha la risasi na umechomwa. Kwa mtoto wa Kisumu habari ile haikuwa ya gazetini. Ilikuwa kila mahali: sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Taarifa za mwanzo ziliashiria kwamba huenda alijiua, na nakumbuka nyanya yangu, ambaye hakuwahi kwenda shule, akiuliza mtu anawezaje kujipiga risasi kisha akajiteketeza. Alilisema mara moja tu, kwa Kijaluo, na mjomba wangu akamwomba asilirudie mbele yetu.

Uliyoyaandika kuhusu ulimi nayathibitisha kwa upande wetu. Watu wazima walikuwa wakibadilisha lugha mtoto akiingia. Wakiongea Kijaluo walihamia Kiingereza, na sisi tulipoanza kukielewa Kiingereza wakaanza kunyamaza. Oktoba mwaka ule Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Evan Gicheru, na kwa miezi mingi ushahidi ulikuwa ukichapishwa magazetini. Baba alinunua gazeti kila siku, na siku ambazo hakuwa na pesa alikwenda kulisomea stendi, ambako wanaume walisimama kumzunguka mmoja aliyesoma kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kuona watu wazima wakisikiliza mambo ya serikali hadharani bila kutazama nyuma. Novemba 1991 tume ikavunjwa kabla ya kukamilisha kazi yake. Kwetu gazeti lilikoma kununuliwa, na habari ile ikafungwa hata mezani petu. Nimeishi hadi leo bila kumsikia baba akimtaja tena marehemu Ouko, ilhali magazeti yale yote alikuwa ameyahifadhi, na tuliyakuta alipofariki.

MCHANGIAJI (NAKURU)

Ndugu mleta uzi, mimi pia ni mtoto wa Nakuru na tunalingana umri, na ninakuomba uniruhusu nitofautiane nawe kwa heshima. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kawaida. Tulikunywa maziwa, tulisoma, vitabu vilikuwepo, jioni tulicheza barabarani hadi giza na hakuna aliyetuhofia. Siku msafara ulipopita Rais alisimama, akashuka, akaongea na wanafunzi kwa Kiswahili chepesi, na nilimwona kwa macho yangu akimshika mtoto kichwani. Baba alinifundisha kwamba siasa ni ya wenye siasa, nami nimeishi vizuri kwa fundisho hilo. Sipingi kwamba kulikuwa na waliodhulumiwa. Nahofia tu kwamba vijana wanaotusoma watadhani sote tuliishi jehanamu, wakati wengine tulikuwa na utoto mwema na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

MCHANGIAJI (WAJIR)

Nimesoma kuhusu maziwa na misafara, na ninaona ni haki niseme kwamba Kenya ya utoto wenu na ya utoto wangu zilikuwa mbali sana. Februari 1984 nilikuwa na umri wa miaka sita. Yaliyotokea Wagalla sasa yameandikwa: kuanzia Februari 10 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka mji wa Wajir na vijiji vya karibu, wakazuiliwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo na kuachwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi waliuawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ilikiri Bungeni kwamba walikuwa 380. Wenyeji wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali. Mtaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia kuokota maiti na majeruhi na kupeleka habari nje, na baadaye akalazimika kuondoka nchini.

Kumbukumbu yangu mwenyewe ni ndogo. Nakumbuka kwamba kwa siku kadhaa mtaa wetu ulikuwa wa wanawake watupu, na kwamba wanawake walikuwa wakijaza maji kwenye madumu, wakiondoka nayo na kurudi nayo bado yamejaa. Mimi nilifurahia maji yale, kwa sababu kwetu maji huwa hayabaki. Mama alinipiga kofi nilipoomba kuoga. Sijawahi kupigwa na mama kabla wala baada ya siku hiyo.

Kuhusu ulimi, kwetu hakukuwa na haja ya kufundishwa. Redio ya taifa haikutaja Wagalla, kwa hiyo hata tukilitaja jambo lile kwa mtu wa kwingine alituona waongo. Mwaka 1989 ilipoanzishwa kazi ya kuwachuja Wasomali wa Kenya, na waliothibitishwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho, nilikuwa tayari darasa la tano, na nilikwenda na mama kama mkalimani wake. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa akieleza mbele ya meza ya maafisa kwamba mama yake ni Mkenya. Niliulizwa babu yangu alizikwa wapi. Nilijibu, na waliandika.

MLETA UZI

Dada wa Wajir, nimeyasoma maneno yako mara kadhaa kabla ya kuweza kuandika. Uko sahihi kunirekebisha ninaposema "sisi". Kimya cha Nakuru kilikuwa cha watu waliohofia yanayoweza kuwapata, na cha kwenu kilikuwa cha watu ambao yalikwisha kuwapata na nchi ikakataa kusikia. Naomba uendelee kuandika hapa kila utakapopata nafasi.

Ndugu wa Nakuru, nawe nakushukuru kwa kusema wazi. Mimi sikukatazi kushukuru. Ila tazama fundisho la baba yako. Alikuambia siasa ni ya wenye siasa, na baba yangu alituambia vivyo hivyo, karibu kwa maneno yayo hayo. Wako huenda alilisema kwa amani ya moyo, na wangu alilisema mikono ikimtetemeka, lakini watoto wote wawili walitoka na somo moja, na serikali ya wakati ule haikuhitaji kujua tofauti kati yetu. Huo utoto mwema ninauamini. Ninachouliza ni kama mtoto aliyekuwa dawati moja nawe alikuwa na ruhusa ya kukuambia kwa nini wa kwake haukuwa mwema.

Sasa nieleze ya 1986.

Baba mdogo alikuwa amemaliza chuo na kuajiriwa kufundisha shule ya sekondari. Machi mwaka ule msako wa Mwakenya ulianza. Mwakenya lilikuwa kundi la siri lililochapisha kijarida kiitwacho Mpatanishi, na katika msako ule walikamatwa wahadhiri, wanafunzi, walimu, wanahabari, wafanyabiashara na wakulima, wengi wao wakishtakiwa kwa kumiliki maandishi ya uchochezi au kwa kujua jambo na kutoliripoti. Watu walifikishwa mahakamani baada ya saa za kazi, bila wakili, wakakiri makosa na kuhukumiwa jioni ileile. Nchi ilikuja kujua baadaye kwa nini walikuwa wakikiri. Chini ya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, kulikuwa na seli za giza ambamo watu waliachwa uchi katika maji kwa siku nyingi, wakipandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alipotoa notisi ya kuishtaki serikali kwa niaba ya waliotendewa hivyo, aliwekwa kizuizini yeye mwenyewe.

Nyumbani kwetu Mwakenya ilifika kama moshi. Nilirudi kutoka shule nikamkuta mama jikoni na vitabu vya baba mdogo vimepangwa sakafuni. Alikuwa akivichana. Alianza na majalada, kwa sababu yale magumu hayashiki moto upesi na ndiyo mtu angeyatambua yakibaki. Aliyaloweka kwenye karai hadi yakalainika, akayafinyanga mabonge na kuyatupa chooni. Kurasa alizitia jikoni moja moja, na juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya maharagwe, ili jirani akiuona moshi ajue kunapikwa. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya vile, kwa ninavyokumbuka, kilichokuwa kimepigwa marufuku. Vilikuwa vitabu vya historia, vya ushairi, na kamusi moja ya Kirusi aliyoipata sijui wapi. Mama hakuweza kusoma Kiingereza vizuri na hakutaka kubahatisha, akavichoma vyote. Nilimuuliza kama kitabu changu cha hesabu nacho kitachomwa. Alikitazama pande zote mbili kabla ya kunirudishia.

Walikuja siku chache baadaye, usiku, wakiwa wamevaa kiraia. Walikuwa na adabu. Walimwita mama "mama" na kumwomba awashe taa. Hawakukuta kitu, na baba mdogo waliondoka naye. Wiki nyingi zilipita bila sisi kuambiwa yuko wapi, kisha jina lake likatokea gazetini, mistari mitatu chini ya ukurasa, pamoja na miaka ya kifungo.

Jioni ile baba alitukalisha chini. Hakutueleza kosa lake wala kama ni kosa. Alitufundisha jibu: mtu akiuliza, baba mdogo amepata kazi Mombasa. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la kwanza, aliulizwa mara kadhaa hadi akalisema bila kusita. Tukaongezewa mambo madogo ya kulitia nguvu, kwamba anafanya kazi bandarini, kwamba ataleta samaki Krismasi. Kitu cha ajabu ni kwamba mdogo wangu aliyaamini. Krismasi ilipofika alingoja samaki, na hakuna mtu nyumbani aliyeweza kumwambia ukweli, kwa sababu kumwambia kungemwondolea ile sauti ya kweli aliyokuwa akijibia.

Mwenye nyumba alitutaka tuhame, bila ugomvi, akisema anataka kukarabati. Rafiki yangu wa dawati alihamishwa dawati na mama yake. Mama alikuwa akiuza mboga sokoni, na kuanzia wakati ule vijana wa KANU walimdai kadi ya chama kila asubuhi, ingawa walikwisha kuiona. Walikuwepo pia wema. Wanawake wawili wa kundi la kanisani walikuja na unga baada ya giza kuingia, wakipitia mlango wa nyuma, na hadi wanaondoka hawakuuliza neno. Huo nao ulikuwa ufundi wa wakati ule, kumsaidia mtu bila kumlazimisha kusema.

MCHANGIAJI (MOMBASA)

Naomba niongeze jambo moja tu, ili uzi usitoe picha kwamba yote yalianza na Nyayo. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla, mshairi wetu wa hapa Mombasa, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa karatasi iliyohoji Kenya inaelekea wapi, na Rais wakati huo alikuwa Mzee Kenyatta. Mamangu alikuwa msichana. Alinieleza kwamba mashairi yalikuwa yakisomwa majumbani kwa sauti, na kwamba baada ya kifungo kile babu alitaka asomewe yale ya mapenzi na ya dini peke yake. Kwa hiyo wazazi wenu walipowafundisha kunyamaza, huenda wao wenyewe walikuwa wamefundishwa mapema zaidi.

Nina swali kwa mleta uzi: je, unawalaumu?

MLETA UZI

Swali zuri, ndugu, na nitalifikia.

Kwanza nimalizie kwa jambo la 1988, kwa kuwa ndilo lililonifanya nione kwamba hata macho yalikuwa yakifundishwa. Uchaguzi wa mchujo wa KANU wa Februari mwaka ule ulifanywa kwa mlolongo: kura ya siri ilikuwa imeondolewa, na wapiga kura wakapanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa ameshinda moja kwa moja. Kwetu walipangwa kwenye uwanja wa shule, na sisi wa darasa la nane tulikuwa tukitazama kutoka kwenye ua. Foleni moja ilivuka goli la mpira, ikapinda na kurudi hadi karibu na choo cha walimu. Nyingine haikufika hata katikati ya uwanja. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Msimamizi alipanda juu ya meza, akatangaza, na aliyekuwa na foleni fupi ndiye aliyeshinda. Watu wazima mamia, waliosimama pale kwa miguu yao wenyewe, wakiwa ndio ushahidi, walipiga makofi, wengine wakatazama chini, kisha foleni zikavunjika na ushahidi ukaenda nyumbani. Mwenzangu mmoja alianza kucheka. Mwalimu alimvuta sikio akamwambia, "Umesikia matokeo."

Jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipochapisha habari za wizi wa kura zile, lilipigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Baba alikuwa na nakala. Safari hii hakuna kilichochomwa. Aliifungia ndani ya mto wa kulalia, na nadhani hapo ndipo kitu kilipoanza kubadilika kwake, ingawa ilichukua miaka mingine.

Baba mdogo alitoka. Aliketi nasi, akala, akauliza habari za shule, na mdogo wangu akamuuliza mbele ya wote kama Mombasa kuna joto. Akajibu, "Kuna joto sana." Hakurudi kufundisha, kwa sababu hakuna shule iliyompokea. Hakuwahi kutusimulia yaliyompata, na alikataa kulala katika chumba chenye sakafu iliyopigwa maji.

Aliyeuvunja ukimya kwetu alikuwa mama. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza kugoma kula katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi wakidai watoto wao waachiliwe. Machi 3 polisi waliwapiga na kuwatawanya, na baadhi ya akina mama wale wazee wakavua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila zetu nyingi ni laana nzito. Walihamia kanisa kuu la All Saints na kuendelea na mgomo wao kwa takriban mwaka mmoja, hadi wengi wa wafungwa walipoachiliwa. Mama alisomewa habari ile gazetini. Jumapili iliyofuata, katika kundi lake la kanisani, wakati wa kutaja maombi, alisimama akasema kwamba shemeji yake alifungwa kwa ajili ya siasa, kwamba hakuwahi kwenda Mombasa, na kwamba yeye alichoma vitabu vyake kwa mikono yake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia jambo lile likisemwa kwa sauti ya kawaida. Wanawake watatu wengine walisimama baada yake, nao wakiwa na ndugu zao.

Sasa nijibu swali lako. Siwalaumu wazazi wetu. Lile jibu la Mombasa lilitulinda kweli. Lakini siwezi pia kusema kwamba halikutugharimu, maana kinga ile na matakwa ya watawala vilikuwa kitu kimoja: nyumba yenye watoto wasiojua lolote. Wa kulaumiwa ni walioifanya familia ichague kati ya kumlinda mtoto na kumwambia ukweli. Mwaka 2003 seli za Nyayo House zilifunguliwa watu wakaingia kuziona, Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru manusura 21 walipwe fidia, na Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake. Baba mdogo hakuwa katika kesi yoyote na hakutoa ushahidi popote. Tulipomshawishi aende mbele ya tume, alisema hajui aanzie wapi, na nilimwelewa, kwa sababu nasi tulikuwa tumeishi naye miaka ishirini na zaidi bila kumpa pa kuanzia.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaofuata ni mahususi. Kama kwenu kulikuwa na mtu aliyetoweka, aliyefungwa au aliyekimbia nchi, andikeni ni jibu gani mlifundishwa kutoa mlipoulizwa aliko, nani aliwafundisha, na ni lini mliacha kulitoa. Kama wazazi bado wapo, waulizeni wao kwanza kabla ya kuandika. Ndugu wa Kisumu, yale magazeti ya baba yako yasitupwe tafadhali, maana nakala za wakati ule zenye alama za msomaji wa kawaida ni chache. Na ndugu yangu wa Nakuru, ningependa kujua kama ulisoma shule iliyokuwa na ule uwanja wa mlolongo, na kama nawe ulikuwa uani siku ile.

MCHANGIAJI (NAKURU)

Nilikuwepo. Foleni ndefu ndiyo aliyokuwa amesimama baba. Alirudi nyumbani akala chakula cha mchana, akasema uchaguzi umekwenda vizuri. Nitamuuliza wikendi hii, yuko hai na akili zake ni timamu, kisha nitarudi kuandika atakachosema.